Bibi, wajukuu watatu na siku moja Lübeck

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Hamburg na mume wangu na watoto wetu watatu, wa miaka 14, 9 na 4. Mwezi wa saba mama yangu anakuja kututembelea. Ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Tunataka kumtoa siku moja tu tukamwonyeshe mji wa kale wa Kijerumani. Mume wangu ameng'ang'ania Rothenburg kwa sababu ya picha anazoziona kwenye simu. Jirani yetu anasema Lübeck. Mama hali kitu chenye shaka na sala haimpiti. Twende wapi, na siku moja inatosha?

Jibu: Waalaykum salaam, dada yangu. Jirani ameshinda.

Nisimvunje moyo shemeji. Rothenburg ob der Tauber ni mji mzuri kweli, na zile picha hazidanganyi. Ila uko Bavaria, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapo mlipo. Kwa treni ni saa tano na ushei kwenda, saa tano na ushei kurudi, na katikati mnabadilisha treni huku mmoja kabeba mtoto na mwingine kashika mkono wa bibi. Hiyo ni safari ya kulala huko. Lübeck iko kilomita 65 hivi kutoka Hamburg, na treni ya mkoa inakwenda kwa takriban dakika 45. Hata yule wa miaka minne hatapata muda wa kuuliza tunafika lini.

Tena kwa mama yako nina sababu nyingine. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwatembeza wageni wa Kiswahili kaskazini mwa Ujerumani, na watu wa pwani huielewa Lübeck upesi kuliko miji mingine. Ni mji wa wafanyabiashara wa bahari, umezungukwa na maji, una vichochoro, na matajiri wake waliacha nyumba za kusitiri wajane. Mzee mmoja wa Pemba niliyempeleka pale alisimama kwenye uchochoro mmoja, akagusa kuta zote mbili kwa mikono yake, akacheka peke yake. Hakunihitaji nimweleze kitu.

Siku: chagueni Jumamosi. Jumapili maduka yamefungwa, na asubuhi makanisa makubwa yana ibada, hamtaingia kutazama. Jumatatu majumba mengi ya makumbusho yamefungwa. Jumamosi ina faida nyingine ya tiketi. Kuna tiketi ya siku inayoitwa Schleswig-Holstein-Ticket, inayobeba hadi watu watano, na inatumika Hamburg pia. Siku za kazi inaanza kufanya kazi saa 3 asubuhi, lakini Jumamosi na Jumapili mnaweza kuondoka alfajiri mkitaka. Mdogo wa miaka minne hasafiri kwa nauli, kwa hiyo ninyi mko watano kamili: wewe, baba yao, bibi na wale wakubwa wawili. Kama mmoja wenu ana Deutschlandticket ya mwezi, akumbuke kwamba ile ni yake peke yake, haimfuniki mwingine. Tiketi ya kundi inakubaliwa kwenye treni za mkoa na mabasi ya mjini Lübeck, lakini haikubaliwi kwenye treni za masafa marefu za ICE wala IC hata zikipita reli hiyohiyo.

Andikeni majina kwenye tiketi kabla ya kupanda. Mimi niliwahi kusahau, nikiwa na wageni wanne, kondakta akanisimamia kichwani nikitafuta kalamu kwenye mikoba ya watu huku behewa zima likitutazama. Hakunitoza, lakini faini ya kusafiri bila tiketi halali ni euro 60 kwa kichwa, na siku hiyo nilikwisha kuzihesabu.

Sasa ramani, kwa sababu ya magoti. Mji wa kale umekaa juu ya kisiwa chenye umbo la yai, kimezungukwa na mto Trave na maji ya Wakenitz. Katikati ya kisiwa ardhi imenyanyuka kama mgongo wa ng'ombe, na barabara nyingi za pembeni zinashuka kutoka mgongoni hadi majini. Wageni wengi hupanda na kushuka, kupanda na kushuka, mpaka saa 8 mchana wamekwisha. Ninyi pandeni mara moja tu. Mambo ya majini yote myamalize asubuhi, kisha mkwee, mkifika juu mbaki juu.

Kutoka stesheni hadi lango la mji ni mwendo wa dakika kumi kwenye njia tambarare. Kwa mwendo wa bibi ni dakika ishirini, na hakuna anayewafukuza. Hapo mtaliona Holstentor, minara miwili minene ya matofali mekundu yenye kofia nyeusi zilizochongoka. Kama shemeji aliwahi kuona noti ya zamani ya mark 50, atalitambua. Lilimalizika kujengwa mwaka 1478, na tangu hapo limekuwa likizama, kwa sababu ardhi ya chini ni tope. Waambieni watoto walitazame vizuri: limeinama, na matundu ya chini yaliyokuwa ya mizinga sasa yako karibu na majani. Ukuta wa upande wa nje una unene wa mita tatu na nusu, wa upande wa mji haufiki hata mita moja. Mwenye miaka 14 mwulizeni kwa nini, mwache afikiri. Mwaka 1863 watu wa mji walibishana kama lango libomolewe au libaki, na lilipona kwa kura moja. Mdogo atawashughulikia wale simba wawili wa chuma walio mbele, wala hatawaachia mpaka mumvute. Majengo ya matofali ya umri huo hayaishi kukarabatiwa, kwa hiyo mkikuta jukwaa la mafundi msione mmepunjwa.

Kuingia ndani ya lango si lazima. Nendeni mkasimame pembeni, mbele ya maghala sita ya chumvi yaliyopangana kando ya maji, Salzspeicher. Hapa ndipo ningekaa muda mrefu na mama yako. Mpeni benchi, mwelezeni hivi. Chumvi ilichimbwa Lüneburg, kusini ya hapo. Zamani ililetwa kwa mikokoteni, halafu kuanzia mwaka 1398 ikaletwa kwa mashua kwenye mfereji wa Stecknitz. Upande wa pili wa bahari, pwani ya Skåne iliyoko Sweden ya leo, samaki aina ya heringi walikuja kwa makundi makubwa kila mwaka. Sehemu kubwa ya Ulaya wakati huo ilikuwa ya Kikatoliki na ilikuwa na siku chungu nzima za mfungo ambazo nyama hailiki, samaki analika. Sasa samaki bila chumvi huozea palepale ufukweni, na chumvi bila samaki ni jiwe tu. Lübeck ilikaa katikati, ikavikutanisha vitu hivyo viwili kwenye mapipa, ikatajirika. Mtu wa Tanga aliyekua akinusa papa wa chumvi na ng'onda sokoni haelezwi mara mbili. Mji wote mtakaouona, minara na makanisa na majumba ya matajiri, umesimama juu ya kitoweo. Maghala yenyewe yaliyopo sasa yalijengwa kati ya mwaka 1579 na 1745, la mwisho likiwa na umri mdogo kuliko misikiti kadhaa ya mwambao wetu.

Hapohapo karibu na daraja ndipo mashua za watalii zinapoanzia. Pandeni. Mzunguko wa kisiwa unachukua kama saa moja, bibi amekaa, watoto wamekaa, na mji unapita mbele yenu wenyewe. Hiyo ndiyo fedha nzuri kuliko zote mtakazotoa siku hiyo. Chukueni koti la mama hata kama Hamburg mliondoka na jua, kwani upepo wa Baltiki haujali kwamba ni Julai.

Mkishuka mashuani, kateni juu kidogo hadi kanisa la Mtakatifu Petro, Petrikirche. Lina lifti inayopanda mnarani hadi kama mita 50. Kule juu mwenye miaka 14 ataacha simu, au angalau ataitumia kupiga picha. Mtaona paa zote nyekundu, mto ulivyouzingira mji, na siku ya hewa safi bahari kwa mbali.

Chakula nakiweka hapa kwa sababu ndipo njaa itakapowashika. Ushauri wangu wa kwanza ni wa kishamba kidogo: bebeni chenu. Maandazi, mayai, chupa ya chai. Njaa ikiwawahi kabla hamjapanda, kuna mabenchi kandokando ya maji mtaa wa An der Obertrave na hakuna atakayewatazama vibaya. Wajerumani wenyewe wanakula mikate yao pale. Mkitaka kununua, samaki ndani ya mkate, Fischbrötchen, ndicho chakula cha mahali. Heringi aliyelowekwa kwenye chumvi anaitwa Matjes, hajapikwa motoni, na nina hakika bibi atamrudisha. Wa kukaanga anaitwa Backfisch, lakini ulizeni kwanza: mara nyingine ule unga wa nje huchanganywa na bia, na neno la kuogopa ni Bierteig. Maduka ya kebabu ya Waturuki yapo, ila kuwa duka ni la Mturuki hakutoshi kwa mtu kama mama yako. Mwulizeni mwenyewe kama nyama ni halali, atawajibu bila kinyongo. Chupa tupu za maji msitupe, zina rehani ya senti 25 dukani.

Sala itajipanga yenyewe. Julai adhuhuri ya Lübeck inaingia kama saa 7 na dakika 25 mchana, na alasiri haifiki mpaka karibu saa 12 kasoro robo jioni. Kwa hiyo adhuhuri mtaisali Lübeck, alasiri mtaiwahi nyumbani. Kusini mwa kisiwa, nyuma ya kanisa kuu la Dom, kuna miti na bwawa na nyasi tulivu. Mkeka mwembamba kwenye begi, chupa ya maji ya udhu, basi. Kama mnapunguza rakaa kwa safari ya kilomita 65, hilo mwulizeni sheikh wenu, mimi ni mtembeza wageni.

Kanisa la Mtakatifu Maria, Marienkirche, lipo kileleni kabisa, nyuma ya jumba la halmashauri. Bibi akitaka kubaki nje ni haki yake, lakini mimi ningemshawishi aingie, kwa jambo moja. Usiku wa kuamkia Jumapili ya Matawi, tarehe 29 Machi 1942, ndege za Uingereza ziliushambulia mji kwa mabomu na karibu moja ya tano ya mji wa kale ikaangamia. Kanisa hili liliwaka. Kengele zilizokuwa kwenye mnara wa kusini zikaanguka kutoka juu, zikajikita sakafuni zikiwa zimepasuka na kupinda, na wenyewe wakaamua wasizitoe. Ziko palepale zilipoangukia. Mtu husogea hadi kwenye uzio, anatazama shaba ilivyokunjika kama karatasi, ananyamaza. Watoto wanaosoma habari za vita shuleni huko Hamburg wataelewa kitu ambacho kitabu hakiwapi. Kisha wainulieni vichwa: dari ya matofali iko mita 38 na nusu juu yao, na hakuna kuba la matofali duniani lililolizidi hilo kwa urefu.

Yule wa miaka tisa mpe kazi ya kumtafuta panya. Ndiyo, panya. Amechongwa kwenye jiwe, nyuma ya sehemu ya kwaya, mdogo, mweusi kwa kuguswaguswa na watu wanaotafuta bahati. Hekaya yao inasema ulikuwapo mwaridi ukutani mwa kanisa, na mji ungekuwa huru maadamu mwaridi unachanua. Siku moja ukanyauka. Walipochimba wakakuta panya kazalia watoto kwenye mizizi na kuitafuna, na mji ukaanguka mikononi mwa Wadenmark. Nje ya kanisa kuna mwingine wa kumtafuta, sanamu ya shetani wa shaba amekaa kwenye jiwe anacheka. Husemwa shetani aliwasaidia mafundi kujenga akidhani wanajenga kilabu cha mvinyo. Alipogundua ni kanisa akataka kulivunja, wakamtuliza kwa kumwahidi kilabu jirani, na ndiyo sababu, wanasema, chini ya jumba la halmashauri pakawekwa kilabu cha mvinyo. Wajukuu watampanda mapajani wapigwe picha. Bibi atasema audhubillahi, nanyi mtacheka mpaka Hamburg.

Hilo jumba la halmashauri, Rathaus, limeanza kujengwa karne ya 13. Tazameni ukuta wake mrefu wa mbele ulivyotobolewa matundu makubwa ya duara: ni ya kupitishia upepo usiuangushe. Ndani kuna chumba kilichokuwa mahakama chenye milango miwili, mrefu na mfupi. Aliyeachiwa alitoka kwa mrefu, kichwa juu. Aliyepatikana na hatia alitoka kwa mfupi, kajiinamia. Ndani huingii bila kiongozi wa zamu, na kwa siku yenu sioni haja ya kusubiri. Ila semeni hapo uwanjani jambo moja ambalo halimo kwenye vipeperushi vya watalii: mwaka 1859, Majid bin Said akiwa sultani, Zanzibar ilifunga mkataba wa urafiki na biashara na miji mitatu ya Hanse, umoja wa zamani wa miji ya wafanyabiashara wa kaskazini, nayo ni Hamburg, Bremen na huu huu wa Lübeck. Wakati huo hakukuwa na nchi moja ya Ujerumani, na miji hii ilijifungia mikataba yake kama dola. Waliokuwa Unguja kwa biashara zaidi ni watu wa Hamburg, wakinunua kauri na kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako zilitumika kama fedha. Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, aliolewa na mmoja wa wafanyabiashara hao, na kaburi lake liko Ohlsdorf, hapo hapo Hamburg kwenu. Hiyo ni ziara ya siku nyingine, tena mama asiondoke bila kuifanya.

Ng'ambo ya barabara kutoka Rathaus kuna duka la Niederegger, watengeneza marzipan tangu mwaka 1806. Marzipan ni lozi zilizosagwa na sukari. Kwa aliyezoea halua na kashata, si kitu kigeni. Ghorofani wameweka sanamu za watu, zenye kimo cha mtu halisi, zilizofinyangwa kwa marzipan. Angalizo: baadhi ya vipande vimejazwa ramu na pombe nyingine. Geuzeni pakiti, someni, mkiona neno Alkohol au Rum rudisheni.

Sasa vichochoro. Sehemu hii msiikose hata kama mtaacha kila kitu kingine. Mji ulipojaa, wenye nyumba kubwa walijenga vibanda vya kupangisha kwenye nyua zao za nyuma, wakatoboa njia chini ya nyumba ya mbele. Inasemekana sharti lilikuwa moja, jeneza lipite. Kama 90 hivi bado zipo, na watu wanaishi humo, na maua mlangoni na baiskeli ukutani. Mnainama chini ya tao jeusi, mnatokea kwenye kiwanja cha jua. Simameni mkifika Füchtingshof, mtaa wa Glockengießerstraße. Tajiri mmoja aliacha mali, na mwaka 1639 zikajengwa nyumba za kusitiri wajane wa wafanyabiashara na manahodha. Mwambie mama yako neno moja tu: wakfu. Mlango mkubwa hufunguliwa mchana. Ingieni polepole, msipige picha za madirisha, maana ndani kuna mtu anakunywa chai yake.

Mkibaki na nguvu, hatua chache mbele ipo Heiligen-Geist-Hospital, ya mwaka 1286, nayo ilijengwa kwa mali za wafanyabiashara kwa ajili ya wagonjwa na wazee. Ndani ya ukumbi mrefu kuna safu za vijumba vya mbao kama makabati, kila kimoja na mlango na namba, chumba cha mita nne za mraba. Viliwekwa mwaka 1820 na wazee waliishi humo hadi 1970. Mama yako atauliza watoto wao walikuwa wapi. Jitayarisheni.

Nimeyaruka makusudi makumbusho ya Hanse, ambayo ni mazuri lakini yanakula saa tatu za kusoma, na Travemünde. Shemeji atasema tuongeze Travemünde, ni dakika ishirini tu kwa treni, kuna ufukwe. Mkatalie kwa upole. Mtu wa Tanga hatoki Hamburg kwenda kushangaa mchanga, na mkianza kukimbizana na bahari mchana, vichochoro vitakufa.

Kurudi msitembee. Kutoka mtaa wa juu pandeni basi hadi stesheni, tiketi yenu ile ile inalipa. Treni za Hamburg hazikatiki, kama moja kila nusu saa mchana kutwa, kwa hiyo mdogo akilala begani msikimbilie. Na jirani mletee kipande cha marzipan, ameshinda kihalali.